Shemeji Amekalia Wizara Yangu

Wizara niliyoahidiwa mbele ya Mungu amepewa shemeji yangu, ndugu wa mke wangu wa tumbo moja. Siku anaapishwa nilikuwa nimekaa safu ya mbele nimevaa shuka jipya begani. Naanza na hilo ili asiwepo wa kusema nilizunguka.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana: mimi ni Ningegowda, mbunge wa Hosakere katika bunge la jimbo letu. Sina chama. Shule niliacha darasa la sita nikaenda kuchimba visima kwa mashine, na visima ndivyo vilivyonipa kura. Uchaguzi ulipokwisha, vyama viwili vilivyoungana nyuma ya Mzee Sheshappa vilipungukiwa kiti kimoja tu cha kuunda serikali. Kiti hicho nilikuwa nimekikalia mimi.

Wakatufungia hotelini katikati ya mashamba ya kahawa, wabunge wote wa mseto, ili upande wa pili usitununue. Simu zetu zilitiwa kwenye kapu, na kapu likapewa mlinzi. Mlinzi nilimpendekeza mimi mwenyewe. Nilisema kuna kijana wangu mmoja, mwaminifu, hata ukimpa mdomo wako akutunzie ataufunga.

Jina lake Gangaraju. Ndiye huyo shemeji.

Mimi nilitaka kitu kimoja, na wote walikijua: Wizara ya Maji ya Mashamba. Mfereji wa mto Suvarni umekwamia kwenye mawe tangu nikiwa kijana, kilomita chache kabla ya bwawa la Hosakere. Bwawa lenyewe limekauka, siku hizi watoto wanachezea kriketi humo. Waziri wa maji ndiye anayesema mfereji uelekee wapi: upande wa juu, kwetu kwenye ulezi na kiu, au upande wa chini, kwenye miwa ya watu wa Sheshappa.

Sheshappa alisema nitapata. Mwanasheria wake akaleta barua yenye mihuri.

Nikaisukuma. Nikamwambia barua naziona kila siku, zinafungiwa karanga. Kama Mzee anasema kweli, twende Kallubetta.

Huko kwetu mwanasiasa atadanganya bungeni, atadanganya mahakamani, atamdanganya hata mkewe. Kallubetta hadanganyi. Unasimama mbele ya Mungu wa mlima ule, mkono juu ya moto wa kafuri, unatamka. Ukivunja, kisima chako kinakauka na ukoo wako unapukutika mmoja mmoja. Nimewaona watu wazito, wenye mabasi na viwanda, wamefika kwenye ngazi ya kwanza wakageuza magari.

Mwanasheria alicheka. Sheshappa hakucheka. Alichezea pete yake, akasema atalala akilifikiria.

Asubuhi ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye gari. Alikuwa mchangamfu, ananitania kwamba nimevaa viatu vya harusi. Nikajisemea, huyu mtu moyo wake mweupe.

Saro, mke wangu, alikuja moja kwa moja kutoka nyumbani na nazi na maua. Nilimwona akisimama na kaka yake pale watu wanapovulia viatu. Waliongea kidogo. Kisha akanifuata haraka, akanishika mkono tukiwa katikati ya ngazi.

"Baba Pavitra, si lazima iwe leo."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Ngojeni. Hata wiki mbili."

"Jumatatu Gavana anaita mtu wa kuunda serikali. Nikose wizara kwa sababu mke wangu miguu inamuuma?"

Wabunge waliokuwa nyuma yetu wakacheka. Saro hakucheka. Aliketi pale pale kwenye jiwe, nazi mapajani, na juu hakupanda.

Sheshappa aliapa kwanza. Alisema akiwa Waziri Kiongozi wa jimbo, Wizara ya Maji ya Mashamba ataniweka mimi. Mimi nikaapa kwamba serikali yake sitaiangusha, kura yangu itasimama naye. Moto wa kafuri uliniunguza vidole kidogo, nikafurahi. Niliona ndiyo muhuri wenyewe huo.

Kuhani akatugawia ndizi zilizopondwa na sukari guru, kile chakula kinachotoka mkononi mwa Mungu. Mimi nilikula hadi nikaramba kiganja. Sheshappa alipokea kwenye leso, akaikunja, akampa Gangaraju.

"Sukari," akasema, akajipiga tumbo.

Kila mtu anajua Sheshappa ana kisukari. Nani angewaza kingine?

Jioni ile televisheni ikatangaza kwamba binamu wa Sheshappa, mtoto wa baba yake mkubwa, amefariki kijijini kwao saa chache zilizopita. Nilikwenda kumpa pole. Nilimshika mkono na machozi yakanitoka, maana marehemu niliwahi kumchimbia kisima.

Jumatatu Gavana akamwita. Sheshappa akaomba kuapishwa kusubiri hadi siku za msiba, karibu wiki mbili, ziishe, maana mtu mwenye msiba haanzi jambo. Magazeti yalimsifu. Nami nikamsifu. Nikasema, mtu anayeogopa msiba namna hii, kiapo atakiogopa zaidi.

Basi ikafika siku ya kuapishwa, kwenye bustani ya Gavana. Usiku wa jana yake nilipigiwa simu nikaambiwa niketi safu ya mbele. Waziri Kiongozi akaapa. Wakaanza kuitwa mawaziri mmoja baada ya mwingine. Fedha. Ardhi. Afya. Nikaanza kulinyoosha shuka langu.

Likaitwa jina la mwisho. "Gangaraju, mwana wa Rangappa."

Nilidhani msomaji amekosea mstari. Niligeuka nyuma kuangalia kama kuna Gangaraju mwingine.

Alikuwa yeye. Amevaa nyeupe tupu, kola imekakamaa kama ubao. Yeye si mbunge, lakini sheria yetu inaruhusu. Mtu wa nje anaweza kuwa waziri miezi sita, ndani ya hiyo chama kikamtafutia kiti. Kumbe kola ile ilishapimwa siku nyingi.

Kabla ya kwenda kwa Gavana alikuja kwangu. Akainama mbele ya kamera zote, akanigusa miguu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojimaliza. Kwetu mdogo akikugusa miguu, mkono unakwenda kichwani kwake. Hukai ukafikiri. Umefanya hivyo tangu una ndevu tatu, kwenye harusi, kwenye sikukuu, kwenye mitihani ya watoto. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Ukakaa juu ya nywele zake za mafuta, na kamera zikalia.

Kisha akapanda jukwaani akaapa kwa jina la Mungu wa Kallubetta.

Nilimfuata Sheshappa ofisini kabla maua hayajatolewa mezani. Mlangoni walijaribu kunizuia, yeye akasema niachwe niingie.

"Kaa, Ninge."

"Nitasimama."

"Basi simama. Kahawa hiyo inapoa."

"Uliapa, Mzee."

"Niliapa."

"Mbele ya Mungu. Na mkono juu ya moto."

"Kweli kabisa." Akavuta kiti chake. "Lakini binamu yangu alikuwa amekufa tangu alfajiri ile. Nilipanda mlima nikiwa na msiba."

Sikuelewa mara moja. Akanisubiri kama mwalimu anavyomsubiri mtoto mzito.

"Mtu mwenye uchafu wa msiba akiingia mle, Mungu hamwoni," akasema. "Sadaka yake haipokelewi. Sala yake haipokelewi. Kiapo chake nacho ni hivyo hivyo. Ndiyo maana zile ndizi sikula. Mimi si mhuni, Ninge. Nisingekula kutoka mkononi mwa Mungu katika hali ile."

Alisema hilo kwa fahari. Nawaapia, alijiona mcha Mungu.

"Televisheni ilisema amekufa jioni."

"Televisheni ilisema ilichoambiwa."

"Na wewe uliambiwa na nani? Simu zote zilikuwa kapuni."

Alikoroga kahawa yake isiyo na sukari. "Kapu lilikuwa na mlinzi."

Hapo ndipo nilipoketi.

Akanieleza mengine bila kuulizwa, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa zake. Usiku wa kuamkia siku ile hakulala. Kiapo alikiogopa kweli, na mfereji hakuweza kuupeleka juu, maana watu wa miwa ndio waliomfikisha hapo. Alikuwa anajiandaa kunikatalia. Alfajiri Gangaraju akabisha mlango na habari ya msiba, na akiwa bado amesimama mlangoni akamwonyesha njia. Bei yake akaitaja hapo hapo.

"Wewe ungeng'ang'ania mfereji uende kwenu," akasema. "Shemeji yako hang'ang'anii kitu. Tena nani atasema nimekunyima? Wizara imebaki nyumbani kwako. Picha yako unambariki itakuwa kwenye kila gazeti kesho."

"Na kura ya imani? Mnazidi kwa kura moja. Kura hiyo ni yangu. Nikikaa tu kwenye kiti, umekwisha."

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Wewe uliapa ukiwa safi, Ninge. Ukala na ndizi."

Nje kwenye korido nilikutana na Mheshimiwa Waziri, ana katibu upande huu na mlinzi upande ule.

"Umekula, shemeji?" akaniuliza, kama tunavyosalimiana siku zote.

"Ulimuuzia maiti."

"Maneno makali hayo. Mimi nilipeleka habari ya msiba."

"Nilikuleta mimi. Nilikuita mtu wangu."

"Ndiyo. Mtu wako." Akawaashiria wale wawili wasogee. "Miaka yote hii nimekushikia mfuko, nimekufungulia mlango wa gari, nimekuchotea maji ya kunawa kwenye mikutano. Hujaniuliza hata siku moja: Ganga, na wewe unataka nini?"

Swali hilo liliniuma kuliko yote aliyosema.

"Mfereji, Ganga. Mama yako anakunywa maji ya lori."

"Nitamnunulia lori lake," akasema, akaingia kwenye ofisi ya Waziri wa Maji, ofisi yangu.

Jioni Lokappa wa upinzani akanipigia. Alikuwa ameshasikia, hawa watu wanasikia kila kitu. Hakupoteza muda. Alisema siku ya kura nikae kwenye kiti, nisisimame, basi. Serikali itaanguka, wao wataunda yao, na Wizara ya Maji ni yangu na mfereji ni wa Hosakere. Alisema yuko tayari kuapa popote ninapotaka.

"Kwenu kuna msiba?" nikamuuliza.

Alidhani nimechanganyikiwa.

Nilitaka kukubali. Msinione mtakatifu, nilitaka mpaka mate yakanijaa. Lakini vidole vyangu bado vilikuwa na alama ya kafuri. Nikaendesha gari mwenyewe hadi Kallubetta kumtafuta kuhani, anifungue.

Nilimkuta anafua. Nikamweleza yote, yeye anakamua nguo tu.

"Siku ile ulikula kile chakula?" akauliza.

"Nilikula."

"Ulikuwa na msiba?"

"Sikuwa nao."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nikamwambia kiapo changu nilikitoa kwa sababu ya kiapo chake. Kama cha kwake ni hewa, changu kinasimamia wapi? Hayo si mapatano ya watu wawili?

"Mapatano mnaandikiana mjini," akasema. "Yeye hakuongea na Mungu, kwa hiyo Mungu hana la kumdai. Wewe uliongea naye. Alikusikia."

"Na watu wangu wakifa kiu?"

Alianika nguo yake. Alichukua muda kuinyoosha pembe zote nne.

"Hilo ungemwambia siku ile ile," akasema.

Siku ya kura bunge lilijaa hadi kwenye ngazi. Kwetu wanahesabu safu kwa safu. Wanaounga mkono wanasimama, karani anapita anahesabu vichwa, wanakaa, safu inayofuata. Gangaraju alikuwa mbele kabisa kwenye benchi la mawaziri. Anaruhusiwa kukaa, kura hana. Waziri wangu asiye na kura alikuwa anasubiri kura yangu imweke kazini.

Lokappa alikuwa ananiangalia kama mtu anayeangalia maziwa yasichemke yakamwagika. Sheshappa aliangalia mbele tu. Hakugeuka hata mara moja.

Karani akafika safu yangu. Wenzangu wakasimama. Mimi nikabaki.

Karani akasita. Spika akainua macho. Upande wa upinzani mtu akapiga meza. Niliona shingo ya Gangaraju ikikakamaa ndani ya kola yake, na kwa pumzi moja au mbili nilikuwa waziri, nilikuwa na mfereji, maji yalikuwa yanaingia bwawani na watoto wanakimbia na fimbo zao za kriketi.

Kisha nikasimama.

Serikali ikapona kwa kura moja. Watu walikumbatiana. Hakuna aliyenikumbatia mimi.

Mchana wake baraza la mawaziri likakaa kikao cha kwanza, na jambo la kwanza likawa mfereji wa Suvarni. Unakwenda chini. Waziri wa Maji ya Mashamba alitoka mwenyewe kuwatangazia waandishi, akasema uamuzi umezingatia haki ya pande zote. Sentensi hiyo nimewahi kuitumia mimi kwenye kampeni. Yeye ndiye aliyekuwa amenishikia maikrofoni.

Niliporudi Hosakere, watu walikuwa wamekaa mbele ya geti langu, wanawake wengi, na ndoo na mitungi. Nilidhani watapiga kelele. Kelele ningeziweza.

Kempamma, mjane aliyenivisha shada la kwanza la maua siku ya ushindi, alinyanyuka na gazeti. Ilikuwa ile picha. Mimi nimekaa, Gangaraju ameinama, mkono wangu kichwani.

"Mlipatana nini, Gowda?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya chumvi.

"Sikupatana na mtu. Nimeibiwa."

"Mkono huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Na bungeni aliyesimama ni nani?"

"Mimi. Niliapa, Kempamma. Kallubetta."

"Na yeye?"

Nikaanza kueleza habari ya msiba, na ndizi, na leso. Nilijisikia mwenyewe jinsi inavyosikika. Mzee mmoja nyuma akasema nimeenda shule kidogo lakini hadithi natunga kama mhitimu. Wakacheka kidogo, kicheko cha uchovu.

Hawakunitukana. Kempamma aliweka mtungi wake mtupu mlangoni kwangu. Mwingine akaweka wa kwake pembeni. Wakaendelea hivyo mpaka njia ya kuingilia ikajaa, nami ikabidi niruke mitungi kuingia nyumbani kwangu.

Saro alikuwa jikoni, anasonga ugali wa ulezi, mwiko ameushika kwa mikono miwili.

"Gari la Ganga limekuja kunichukua," akasema bila kugeuka. "Anasema nikakae kwenye nyumba ya serikali, mama yuko huko tayari. Nimelirudisha. Limekuja tena, nimelirudisha."

"Kwa nini hukwenda?"

Mwiko ukaendelea kuzunguka.

Nikasimama pale mlangoni, na ndipo maneno yake ya kwenye ngazi yakanirudia. Hata wiki mbili. Nani alimwambia wiki mbili? Msiba kwetu unachukua muda gani kutoka mwilini mwa mtu? Alikuwa ameongea na kaka yake pale kwenye viatu. Kisha akanikimbilia, akanishika mkono, akaniambia nisiape leo, na asiseme kwa nini.

Alitaka kuniokoa, au alitaka kuweza kujiambia kwamba alijaribu?

Alidondosha donge kwenye sahani yangu, akalilainisha kwa kiganja chenye maji. Akaketi mbele yangu, yeye ambaye huwa hakai mpaka nimemaliza.

"Hujaniuliza kitu, Baba Pavitra," akasema.

Sikuuliza.

Hesabu yangu hadi leo ni hii. Wizara moja, imekwenda kwa shemeji. Mfereji mmoja, umekwenda kwenye miwa. Watu wa Hosakere, wote, wako nje na gazeti. Jina langu liko kwenye picha ile, chini ya mkono wangu mwenyewe. Mke bado sijamweka upande wowote. Yuko mbele yangu ananisubiri nimuulize, na ugali unapoa.